Kitana Kifike Kwenye Ngozi

Mtajie mtu wa kwetu neno mbwa, naye atafikiria mlinzi alalaye langoni, au msasi anayefuata nyayo za sungura kichakani. Ni wachache watakaomfikiria mvuvi. Hata hivyo, katika pwani ya kusini ya Ureno, eneo liitwalo Algarve, kuna mbwa ambaye kwa vizazi vingi alihesabiwa miongoni mwa mabaharia. Alipanda mashua pamoja na wavuvi, akaruka majini alipoamriwa, akaokota kilichoanguka, na usiku akabaki bandarini kukilinda chombo. Wareno humwita cão de água, yaani mbwa wa maji. Niliishi na mmoja wao kwa miezi kumi. Nataka kukusimulia, wewe mtahiniwa wa kidato cha nne, jinsi mnyama huyo anavyotunzwa, maana utunzaji wake una jambo linalokuhusu.

Habari zake nilizisikia mara ya kwanza nikiwa mtahiniwa kama wewe. Ilikuwa Aprili 2009. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa mwana wa Nyanza, hakuwa ametimiza miezi mitatu tangu aapishwe kuwa Rais wa Marekani. Familia yake ilipewa mbwa mweusi mwenye kifua cheupe aitwaye Bo, zawadi kutoka kwa Seneta Ted Kennedy. Binti mkubwa wa Rais, Malia, alikuwa na mzio, kwa hiyo walihitaji mbwa asiyepukutisha manyoya ovyo. Sisi wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, tulicheka sana. Mbwa kuingia ikulu kwa sababu ya nywele zake! Hakuna aliyetuambia kwamba mababu wa mbwa huyo walikuwa wavuvi kama baba zetu.

Miaka saba baadaye nilikuwa nimehitimu shahada ya ualimu na ninasubiri kuajiriwa. Kusubiri huko kunachosha kuliko kazi yenyewe. Kila asubuhi unaamka mapema kwa mazoea, unavaa, kisha unakumbuka kwamba hakuna mahali unakohitajika. Shangazi yangu, aliyekuwa akiishi katika mji wa Olhão huko Algarve, alinitafutia nafasi ya kusoma Kireno kwa mwaka mmoja. "Njoo, mwanangu," aliniambia kwa simu. "Kuketi bure kunakula mtu." Nikafunga safari. Darasani nilifurahi kukutana na ndugu wa maneno tunayoyatumia kila siku bila kujua yalikotoka: meza, leso, mvinyo. Lakini mwalimu wangu mkuu wa Kireno hakuwa darasani. Alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, mvuvi mstaafu, ambaye shangazi aliajiriwa kumuuguza nyumbani kwake.

Mzee huyo alikuwa ameanguka ngazini na kuvunjika mfupa wa nyonga. Alikaa hospitalini na katika kituo cha mazoezi ya viungo kwa karibu miezi miwili. Mkewe alikuwa ameshafariki, na binti yake wa pekee alifanya kazi Lisbon. Jirani alijitolea kumlisha mbwa wake, dume jeusi la miaka sita lililoitwa Farol, yaani mnara wa taa. Jirani huyo alitimiza ahadi yake: chakula na maji havikukosekana hata siku moja. Lakini kumchana Farol hakukuwa katika makubaliano.

Hapa yafaa nikueleze umbile la mbwa huyu. Dume la mbwa wa maji wa Ureno huwa na kimo cha sentimita 50 hadi 57 mabegani, na uzito wa kilo 19 hadi 25. Kati ya vidole vyake kuna utando wa ngozi unaofika hadi ncha za vidole, mfano wa mguu wa bata, nao humsaidia kusukuma maji. Manyoya yake ni ya tabaka moja tu. Hana yale manyoya mafupi ya ndani ambayo mbwa wengi huwa nayo. Wengine wana manyoya ya mawimbi, wengine ya kujisokota kama vipete vidogo. Farol alikuwa wa vipete. Manyoya hayo hayaachi kukua, na hupukutika kidogo mno. Watu husikia sifa hiyo wakashangilia kwamba nyumba itabaki safi. Wanasahau kuuliza unyoya uliokufa unakwenda wapi usipoanguka sakafuni. Jibu ni kwamba hunaswa na wenzake walio hai. Nyoya moja hufunga jingine, fundo huzaa fundo, na baada ya wiki chache huwa limefumwa blanketi lililong'ang'ania ngozi.

Ndivyo tulivyomkuta Farol. Kwa mbali alionekana mnene na mwenye afya. Nilipopitisha mkono mgongoni niliona manyoya laini. Nilipojaribu kuyatenga nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya mapaja, vidole vyangu havikupita. Chini ya ule ulaini mlikuwa na bamba gumu lisiloruhusu hewa, na chini ya bamba ngozi ilikuwa nyekundu na yenye unyevu. Daktari wa mifugo alimchunguza akasema pasi na kupepesa macho kwamba kuyafumua mafundo yale kungekuwa kumtesa mnyama. Dawa ilikuwa moja: kunyoa mwili mzima na kuanza upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo ulijengwa kwa wembe. Yaliyobaki mezani baada ya kunyolewa yalikuwa vipande vizima vizima, mithili ya mkeka uliokatwa. Farol mwenyewe alitoka pale amekonda nusu, anatetemeka, na huku anajikuna kwa furaha.

Mzee alirudi nyumbani wiki hiyo hiyo katika kiti cha magurudumu. Alimtazama mbwa wake aliyenyolewa, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniita. Akanipa kitana cha chuma chenye meno marefu, ambacho mpini wake wa mbao ulikuwa umelainishwa na miaka ya jasho la mkono. "Utamchana kila siku," alisema, "naye utanileta nimkague."

Wiki za kwanza kazi ilikuwa nyepesi, kwa kuwa manyoya yalikuwa mafupi. Yalipoanza kurefuka ndipo nilipoelewa mafunzo yenyewe. Siku moja nilimleta Farol mbele ya kiti cha mzee, aking'aa kama aliyepakwa mafuta. Mzee hakumtazama hata kidogo. Alichukua kitana, akakichomeka nyuma ya sikio hadi kikagusa ngozi, akakivuta taratibu. Kikakwama kidogo. Akanirudishia. "Usinionyeshe juu ya manyoya," alisema. "Nionyeshe ngozi."

Kuanzia hapo alinifundisha hatua kwa hatua. Mbwa hulazwa ubavu. Unayatenga manyoya kwa mkono hadi uone mstari mweupe wa ngozi, kama njia inayoonekana katikati ya shamba la mtama. Unachana mstari huo mmoja, kisha unateremsha manyoya mengine kidogo, unachana mstari unaofuata. Ukikuta fundo hulivuti kutoka shinani. Unaanzia nchani, unalifumua kidogo kidogo ukielekea ndani, huku vidole vya mkono mwingine vimeshika shina ili ngozi isivutike. Jambo hili halikunipa taabu. Nilikulia ufuoni nikimtazama baba akitatua nyavu zilizosokotana, naye hakuvuta wavu kwa hasira hata mara moja. Alisema mwenye haraka hutatua wavu kwa kisu, na kesho yake hana wavu.

Nilijifunza pia mpangilio wa kazi. Kuchana hutangulia kuoga, wala si kinyume chake, maana fundo likiloa maji hukaza na likikauka huwa gumu zaidi. Baada ya kuogelea baharini mbwa humwagiwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi hukausha manyoya na kuwasha ngozi. Kisha hufutwa kwa taulo. Masikio yake yamelala kama vifuniko, hivyo maji yakibaki ndani huleta vijidudu na harufu mbaya. Nilikuwa nikiyainua kila siku, nikayakausha kwa kitambaa laini na kuyanusa. Naam, kuyanusa. Pua humwonya mtunzaji kabla jicho halijaona kitu. Kati ya vidole, palipo na ule utando, nilitafuta mchanga, tope na vipande vya makombe, kwa sababu Olhão imepakana na wangwa mkubwa wa Ria Formosa, ambako maji yakipwa watu hushuka kuchimba kombe kwenye matope.

Manyoya yalipokuwa marefu ya kutosha mzee alisimamia unyoaji wa kienyeji. Nusu ya nyuma ya mwili hunyolewa, na pua pia, kisha ncha ya mkia huachiwa shungi. Kifua na mabega hubaki na manyoya yake, hata mbwa akafanana na simba mdogo. Nilidhani ni urembo. Mzee alinieleza kwamba manyoya ya mbele hukinga kifua na baridi ya maji, na miguu ya nyuma iliyonyolewa hupiga maji bila kulemewa.

Hayo yote ni utunzaji wa mwili. Kulikuwa na tatizo la pili ambalo kitana hakingeweza kulitatua. Farol hakuwa na kazi.

Mbwa huyu hakuumbiwa kulala kwenye zulia. Katika enzi za matanga na makasia, alibeba ujumbe kutoka mashua moja hadi nyingine. Alizamisha kichwa na kufuata kamba iliyokatika au kifaa kilichoanguka, na aliwafukuza samaki kuelekea wavuni. Mzee alinisimulia kwamba babu yake alimgawia mbwa fungu lake la samaki kama alivyowagawia wavuvi wengine. Mnyama wa namna hiyo akikosa la kufanya hujitafutia. Mzee alipokuwa hawezi kutoka, Farol alitafuna viatu, akafukua vyungu vya maua darini, akabweka mchana kutwa hadi majirani wakalalamika. Binti wa mzee alipokuja mwisho wa mwezi alikuta mlango wa kabati umetafunwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na baba mgonjwa, kazi ya mbali, na malalamiko ya majirani. Alisema waziwazi kwamba hali isipobadilika kabla ya Krismasi, Farol angetafutiwa watu wengine wa kumchukua. Mzee hakujibu neno, lakini usiku huo shangazi aliondoa sahani yake ikiwa imejaa kama alivyoiweka.

Mimi nilimwelewa mbwa yule kuliko nilivyotaka kukiri mbele ya watu. Nami nilikuwa kiumbe aliyeandaliwa kwa kazi fulani na asiye nayo.

Nilimwomba mzee anionyeshe mambo aliyokuwa akimfundisha baharini. Akaniagiza nitoe stoo maboya ya zamani, vipande vya kamba na mfuko mdogo wa turubai. Kila alasiri, baada ya masomo, tulishuka gatini. Kwanza nilirusha boya karibu, Farol akalileta. Kisha mbali zaidi. Kisha nilirusha mawili, nikamwelekeza kwa mkono alete lipi kwanza. Baada ya mwezi mchimbaji kombe mmoja alikubali kutusaidia: alisimamisha mashua yake hatua hamsini kutoka gatini, nami nikafunga mfuko wa turubai kwenye ukanda wa shingo ya Farol, ndani yake mkate uliofungwa kwa nailoni. Farol akaogelea, akapokewa, akarudishwa na mfuko ukiwa na kombe wanne. Jumamosi shangazi alikuwa akimsukuma mzee hadi ukingoni mwa gati atazame. Alitoa amri kwa sauti ambayo hatukujua kama bado anayo.

Baada ya kazi hiyo Farol alilala kama gogo. Viatu vilisalimika. Lakini kilichoamua mambo hakikutokea gatini. Mzee alikuwa ameanza kutembea kwa mkongojo, na mikono yake ilikuwa dhaifu, kwa hiyo vitu vilimdondoka: miwani, funguo, mkongojo wenyewe. Hakuweza kuinama. Farol, bila kuagizwa, alianza kuviokota na kumpelekea mkononi. Binti alipokuja Desemba aliona mkongojo ukianguka sebuleni, na kabla hajainuka kitini mbwa alikuwa ameshaufikisha. Mababu wa Farol waliokota vilivyoangukia baharini. Yeye aliokota vilivyoangukia sakafuni. Habari ya kumtoa haikutajwa tena.

Nilipokuwa huko nilijifunza kwamba jamii nzima ya mbwa hawa ilikaribia kupata mkasa aliokaribia kuupata Farol. Mashua zilipofungwa injini na redio, hakuna aliyehitaji mjumbe wa kuogelea. Mbwa wa maji wakapungua mwaka hadi mwaka. Katika miaka ya 1930 tajiri mmoja wa Kireno aitwaye Vasco Bensaude alianza kuwatafuta na kuwazalisha. Dume lake maarufu, Leão, lililozaliwa 1931, lilitoka kwa wavuvi wa Algarve, na ndilo linalohesabiwa kuwa baba wa mbwa wengi wa jamii hii walioko leo. Hata baada ya hapo hali ilibaki ya mashaka. Mwaka 1968 Deyanne Miller na mumewe Herbert walianza kuwapeleka Marekani, na mwaka 1972 watu 16 wakaunda chama cha kuwatunza huko. Kutoka kwenye juhudi hizo za watu wachache walipatikana mbwa waliokuja kuwa wengi, akiwemo yule Bo wa ikulu, aliyeishi hadi Mei 2021.

Uchache huo wa mwanzo uliacha alama. Jamii inayotokana na wazazi wachache hubeba kwa urahisi maradhi ya kurithi, na mbwa hawa wana ugonjwa wa macho unaodhoofisha retina polepole hadi upofu, pamoja na matatizo ya nyonga. Siku hizi kuna kipimo cha vinasaba cha ugonjwa huo wa macho, na mfugaji makini hupima kabla ya kuzalisha. Hivyo basi, hata kumwokoa mnyama asitoweke hakukuwa kazi ya siku moja. Kila kizazi cha wafugaji hurudia vipimo vile vile, kama nilivyorudia mistari ile ile ya ngozi.

Mwaka uliofuata niliitwa kazini, nikarudi nyumbani kufundisha. Kijana wa yule mchimbaji kombe alichukua kitana. Siku ya kumkabidhi mzee alimkagua mwanafunzi mpya kama alivyonikagua mimi, naye akarudishwa mara tatu nyuma ya sikio la kushoto.

Tangu hapo nimesahihisha madaftari mengi ya watahiniwa, na huwa nakutana na manyoya ya Farol kwenye kurasa. Mwanafunzi amepitia sura kumi na mbili kwa wiki moja, amepiga mistari ya rangi chini ya kila sentensi, na kwa juu kazi inang'aa. Namwuliza swali moja la ndani: tofauti ya kishazi na kirai, au kwa nini mhusika fulani alitenda alivyotenda. Kitana kinakwama. Fundo hilo halikufungwa juzi. Lilianza kidato cha kwanza au cha pili, likaachwa, likafungana na jingine.

Kwa hiyo, unapotumia mwongozo huu, usijiulize umesoma kurasa ngapi. Chagua mada moja, isome, ufunge kitabu, uandike kwa maneno yako ulichokielewa. Mahali utakapokwama ndipo palipo na fundo. Usilivute kwa hasira wala usilifunike kwa rangi. Anzia nchani, kwenye kile unachokijua, uelekee ndani. Likikushinda mpelekee mwalimu au mwenzako. Kesho chukua mstari unaofuata. Na kama miezi iliyosalia ni michache na mafundo ni mengi, usikate tamaa. Farol alinyolewa mwili mzima akaanza na ngozi tupu, na kufikia Desemba alikuwa na manyoya yake yote.